Safari ya Nyanya Kutoka 398 Hadi 967

Ingia maktaba yoyote inayopanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, ule uliotolewa Marekani mwaka 1876, uende moja kwa moja kwenye namba 398.2. Hapo ndipo zinapokaa hadithi za kale: sungura na fisi, zimwi, msichana aliyekataa wachumba wote akaishia pabaya. Ukitaka historia ya Kenya, songa mbele hadi 967.62. Huko utakuta reli, magavana, vita, vyama vya siasa. Kati ya rafu hizo mbili ni hatua chache tu, lakini mwanamke wa Nyanza ametembea miaka mingi na bado hajafika. Alichokijua nyanya kuhusu njaa, ndoa, mipaka ya mashamba na tabia za machifu kilisimuliwa jioni kama hadithi, kikaandikwa kama hadithi, kikapewa namba ya hadithi. Babu aliyejua mambo hayo hayo aliitwa shahidi wa historia.

Wapo watu ambao kazi yao ni kumvusha nyanya. Baadhi ni wakutubi walioajiriwa, baadhi ni walimu wastaafu, baadhi ni akina mama wa chama cha akiba wanaojitolea Jumamosi. Ikifika Machi, mwezi wa kuadhimisha wanawake, tunawaona kwa muda mfupi: mabango, fulana za rangi moja, hotuba, keki. Mimi hilo halinishughulishi sana. Ninachokistahi ni kazi ya miezi mingine 11, kazi ya kuuliza, kunakili, kupanga na kutia jina, ambayo haina keki na ambayo ikifanywa vibaya hakuna anayegundua mpaka mwenye habari zake amezikwa.

Kisumu ilipata bingwa wa kazi hii mapema. Asenath Bole Odaga alizaliwa mwaka 1937 upande wa Rarieda, akasoma historia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akachukua shahada ya pili katika fasihi. Masomo hayo mawili yakikaa katika kichwa kimoja, mtu hawezi tena kuamini kwamba hadithi na historia ni nchi mbili zenye mpaka. Mwaka 1980 alitoa mkusanyiko wa hadithi alioupa jina la Thu Tinda!, maneno ambayo msimulizi wa Kijaluo hufungia hadithi yake. Mwaka 1982, wakati karibu wachapishaji wote wa Kenya walikuwa Nairobi, alianzisha Lake Publishers hapa hapa Kisumu, na duka lake la vitabu nalo likaitwa Thu Tinda. Mwaka huo huo kitabu cha shule cha fasihi simulizi alichoandika pamoja na Kichamu Akivaga kilitoka, na miaka miwili baadaye akatoa Yesterday's Today, kinachoeleza namna ya kuisoma fasihi hiyo kama taaluma. Aliandika kwa Kiingereza, Kiswahili na Dholuo mpaka alipofariki Desemba 2014.

Fasihi simulizi ilipokita mizizi shuleni, mwanafunzi alitumwa nyumbani na daftari kwenda kumuuliza nyanya, na hakutakiwa kurudi na hadithi peke yake. Alifundishwa kuandika jina la msimulizi, mahali na tarehe. Vitu vitatu hivyo vinaonekana vidogo, lakini ndivyo vinavyomtoa mwanamke katika lile kundi kubwa lisilo na sura linaloitwa "wazee wanasema".

Tazama kinachotokea visipoandikwa. Chukua masimulizi matatu ambayo kila mtoto wa pwani hii ya ziwa ameyasikia. Lwanda Magere, shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, aliangushwa kwa sababu mkewe Mnandi aligundua kwamba nguvu zake zilikuwa kwenye kivuli. Nyamgondho wa Ombare, mvuvi maskini wa Gwassi, alimvua mwanamke ziwani, akatajirika, akamtukana, na mwanamke yule akarudi majini na mifugo yote ikimfuata. Huko Simbi, karibu na Kendu Bay, bibi kizee alifukuzwa penye karamu na kijiji kizima kikazama. Wanawake watatu, mmoja ameua shujaa, mwingine ameleta na kuondoa utajiri, wa tatu ametengeneza ziwa. Wanaume tunawajua kwa majina, na wa pili hata kwa jina la baba. Wanawake ni "yule Mnandi", "yule wa ziwani" na "yule bibi". Odaga alizichapisha hizo mbili za mwisho, na ukizisoma zote kwa mpigo unajiuliza kama majina hayo yalisahauliwa kweli au hakuna aliyeyauliza.

Grace Ogot aliuona upungufu huo, akauziba kwa njia yake. Miaha, riwaya yake ya Dholuo ya mwaka 1983, inatokana na kisa cha kale cha bi harusi aliyeshika jembe na kulima kwa mkono wake, wakati majembe yalikuwa yakilima yenyewe, na tangu siku hiyo binadamu wakahukumiwa kutoka jasho. Katika kisa cha kale huyo ni bi harusi tu, basi. Ogot alimpa jina, Nyawir, akampa na sababu za kufanya alichofanya. Ni ufundi wa mwandishi wa riwaya, na mkutubi hana ruhusa ya kuutumia. Yeye hawezi kubuni jina. Ndiyo maana kazi yake ni ngumu zaidi: lazima alipate jina lenyewe, kutoka kwa mtu aliye hai, kabla hajachelewa.

Kabla ya maktaba, Wajaluo walikuwa na siwindhe. Hii ilikuwa nyumba ya mwanamke mzee aitwaye pim, ambamo wasichana na watoto wadogo walilala na kulelewa. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo walimpa pim nafasi kubwa katika kitabu chao Siaya cha mwaka 1989. Mara nyingi pim hakuwa wa ukoo ule. Alikuja kutoka kwingine, na kwa hiyo alileta habari za kwingine. Kutoka kwake mtoto alijua nani ni ndugu wa nani, nani haolewi na nani, ni wapi palipo na chakula ukame ukija, na kwa nini nyumba fulani hazisalimiani. Kabla ya kitabu hicho, wanahistoria wa vyuo, wakiongozwa na kazi kubwa ya Bethwell Ogot, mume wa Grace, juu ya uhamaji wa Wajaluo iliyotoka mwaka 1967, walikuwa wamekwisha kuuthibitishia ulimwengu kwamba simulizi ni chanzo halali cha historia. Mlango ulifunguka. Wa kwanza kupita walikuwa koo, uhamaji na vita, mambo ya duol, pale wanaume walipoota moto. Siwindhe ilibaki nyuma ikisubiri zamu.

Basi njoo Migosi, hapa Kisumu, uone zamu hiyo inavyofika. Mtaa huu usio mbali na Kondele ulianza kama mradi wa viwanja vilivyopimwa na kuwekewa huduma, mtu akipata kipande chake ajijengee kadiri ya mfuko wake. Tuseme msimulizi wetu ni mama wa miaka 80 hivi, mmoja wa waliotangulia. Mkutubi asiyejua kazi atafika na karatasi ya maswali, ataweka simu mezani ikinasa, ataanza: "Mama, ulizaliwa mwaka gani?" Hapo mazungumzo yamekufa. Majina ya Kijaluo yanaweza kukupa saa ya kuzaliwa, Akinyi asubuhi, Achieng' jua likiwaka, Atieno usiku, bila kukupa mwaka. Mama atatafuta kitambulisho, atakisoma, na kuanzia hapo atajibu kama mtu aliye mbele ya karani.

Fundi huja mara ya kwanza bila chombo chochote. Akimkuta mama anachambua omena, naye anavuta sinia upande mmoja anachambua, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mdomo hausikii aibu. Swali lake la kwanza, akimwita Dani, yaani nyanya, ni la kitu kinachoonekana: "Dani, nyumba hii ilianza na chumba kipi?" Swali hilo lina miguu. Ilianza na hiki cha jikoni. Mabati yalitoka wapi? Yalitoka kwenye chama. Chama kilikuwa cha nani? Cha akina mama waliouza mahindi na samaki sokoni Kibuye. Mume alikuwa wapi? Kwenye reli, au kwenye meli, au kwa mke mwingine. Baada ya nusu saa fundi ana historia ya ujenzi wa mtaa, ya soko na ya ndoa, na hajauliza mwaka hata mmoja.

Miaka huja kwa kutia vigingi. Mama yake mama alikumbuka nzige wa mwanzo wa miaka ya 1930, walioacha njaa iliyopewa jina, Nyangweso. Yeye mwenyewe anakumbuka ziwa lilivyofurika mwanzoni mwa miaka ya 1960, kifo cha mwanasiasa Tom Mboya, na risasi za Oktoba 1969, siku ya kufunguliwa kwa hospitali ambayo watu wa Kisumu wanaiita Russia mpaka leo. Hapo ndipo utaona tofauti ya masimulizi. Vitabu vya 967 vinaeleza siku ile kwa maneno ya Rais Kenyatta na mpinzani wake Odinga. Mama anaeleza alivyokuwa akitafuta watoto nyumba kwa nyumba, nani aliwafungia mlango na nani aliwafungulia. Akikosea mwaka, fundi hamkatizi. Anaandika alivyosema, na pembeni, kwa alama inayoonyesha kwamba hayo si maneno ya mama, anaandika tarehe ya kwenye magazeti. Yote mawili yanabaki. Kisha anakwenda kunakili, na saa moja ya sauti hula siku nzima ya kazi, hasa mama akichanganya Dholuo, Kiswahili na Kiingereza cha misheni katika sentensi moja kama wanavyofanya watu wa Kisumu.

Katika kuzungumza huko fundi anafumbua macho kwa karatasi ambazo hakuna anayeziita nyaraka. Daftari la chama, kwa mfano, lile la mweka hazina lenye jalada lililopasuka na kushonwa upya kwa uzi. Ndani yake kuna safu za majina, michango, faini za kuchelewa, mkopo wa karo, mkopo wa jeneza, na pale mtu asipojua kuandika kuna alama ya kidole gumba. Mwanauchumi akilisoma ataona mtaji ulivyozunguka mtaani benki ikiwa haitaki kumsikia mwanamke asiye na hati ya shamba. Programu za mazishi nazo ni hazina, na nashangaa kwamba kila maktaba ya Nyanza haina sanduku lake. Upande wetu huu mtu haziki mzazi bila kijitabu chenye picha na wasifu. Kinasema marehemu alisoma wapi, aliolewa lini, alikuwa katika kanisa gani, aliacha watoto na wajukuu wangapi. Kinadanganya kwa adabu, bila shaka, kama wasifu wote wa msibani, na fundi anajua kusoma palipopitwa kimya: miaka kumi iliyorukwa, mtoto aliyetajwa bila baba. Kukusanya vijitabu hivyo hakugharimu kitu. Unahitaji tu kuhudhuria mazishi na kuomba nakala mbili.

Halafu linakuja suala la jina, ambalo ndilo linalowashinda wengi. Mwanamke wa Kijaluo ana majina yaliyogawanywa kwa watu. Wazazi walimwita Adhiambo. Kanisani ni Rosemary. Kwa shemeji zake ni nyar fulani, binti wa kule alikotoka: nyar Alego, nyar Sakwa, nyar Kano. Kwa majirani wa Migosi ni mama wa mtoto wake wa kwanza. Katika hati ya kiwanja ni Bi fulani kwa jina la mume, na kama alikuwa mke wa pili huenda hayumo kabisa. Karani wa haraka atachagua moja, na kuanzia hapo wale wanne waliobaki ni watu wengine. Mpangaji mzuri wa katalogi huyaandika yote na kuyafungamanisha, ili mjukuu akija na jina lolote afike kwa mtu yule yule. Ni kazi ya kuchosha, haina sifa, na ndiyo inayoamua kama mwanamke atapatikana au hatapatikana. Wala tusidhani ni tatizo la Wajaluo pekee. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, mji uliitwa Port Florence. Huyo Florence ni nani? Wengi wanasema ni mke wa Ronald Preston, msimamizi wa kutandaza reli. Wengine wanasema ni mke wa George Whitehouse, mhandisi mkuu. Wote wawili waliitwa Florence. Mwanamke amepewa mji mzima, na bado watu wanabishana ni mke wa nani.

Hapa pia ndipo ninapogombana kidogo na maadhimisho yetu. Kila mwaka bango ni lile lile: Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuwa meya Kenya, 1965, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni, 1969. Ni kweli, na anastahili. Alikishikilia kiti cha Kisumu hadi 1983, na alipofariki ilikuwa tarehe 8 Machi 2023, siku yenyewe ya wanawake duniani, kana kwamba aliipanga. Lakini neno "wa kwanza" ni kichwa cha habari cha mtu mvivu. Linatuambia alifika na kutuficha alivyotembea: mwalimu, kiongozi wa Girl Guides, diwani, kabla ya mkufu wa umeya. Programu ya maktaba iliyopikika ingewatafuta waliokuwa wakiuza sokoni mwaka ule wa 1965 na kuwauliza kilichobadilika kwao, kama kipo. Jibu linaweza kuwa "hakuna", na hilo nalo ni historia.

Mfano wa kazi iliyofanywa hadi mwisho ninao, ingawa ni wa Mombasa. Katika miaka ya 1970 mwanahistoria Margaret Strobel alizungumza na wanawake wa Mombasa, na pamoja na Sarah Mirza wakatoa mwaka 1989 masimulizi ya maisha ya watatu: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Mmoja alitoka jamaa ya kiungwana, mwingine alikuwa mjukuu wa watumwa, na katika maneno yao unaiona Mombasa ya lelemama, ya arusi na ya unyago kutoka ndani. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Wangeweza kuishia hapo, kama wengi walivyoishia. Mwaka 1991 maneno yale yalitolewa kwa Kiswahili, lugha yaliyosemwa, ili mjukuu wa Bi Kaje ayasome bila mkalimani. Nikipima programu yoyote ya maktaba, kipimo changu cha kwanza ni hicho: je, msimulizi na watu wake wanaweza kukisoma au kukisikia kilichotoka kwao?

Ndiyo sababu siku ya kuwaonyesha watu masimulizi yaliyokusanywa hupangwa kwa hila zake. Viti huwekwa mduara. Mama wa Migosi hasemi jukwaani. Anakaa pembeni mwa meza yenye daftari lake la chama, na wanafunzi wa sekondari, ambao wazazi wao wengi walimsoma Akoko, mwanamke shujaa wa riwaya ya The River and the Source ya Margaret Ogola, kwa ajili ya mtihani, wanagundua kwamba akina Akoko hawakuisha. Sauti yake inachezwa kwa dakika tatu, zisizidi. Mwanamke wa Kinubi kutoka Kibos na Mluhya jirani nao wana meza zao, kwa maana Kisumu haikujengwa na Wajaluo peke yao. Mwakilishi wa wadi (MCA) hupewa maikrofoni mwisho, tena muda ukiwa umekwisha. Baada ya hapo masimulizi huchapwa kijitabu na kuombewa ISBN, ambayo nchini Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba za Taifa yenyewe. Kikishapata namba hiyo kinahesabika kama kitabu kingine chochote, na mpangaji wa katalogi anakaa nacho kuamua. Moyo wa mazoea unamwambia 398.2. Anasoma tena ukurasa wa mabati, wa Kibuye, wa Oktoba 1969, anaandika 967.62.

Lakini kabla ya kijitabu kwenda kwa mchapaji kuna picha ya kumalizia, ile ya chama mbele ya studio, akina mama wanane wamevaa leso za sare. Wazee wawili wanaishika pamoja. Mmoja anasema wa tatu kutoka kushoto ni nyar Sakwa aliyehamia Nairobi. Mwingine anaapa kwamba ni nyar Kano, na kwamba leso ile aliazimwa na yeye mwenyewe na hajairudisha. Wanabishana mpaka chai inapoa. Fundi hatoi uamuzi. Anageuza picha, anachukua penseli laini kwa sababu wino hupenya na kuharibu upande wa mbele, anaandika majina yote mawili, na kando ya kila jina nani alilitaja na tarehe ya leo. Kisha anaipitisha kwa mama wa tatu, ambaye tayari anatafuta miwani.